Afya ya Mtaa ni Afya ya Kila Nyumba

*Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa hekalu na majirani zao, Dar es Salaam, katika maadhimisho ya kuanzishwa kwa hekalu*

    

Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu katika siku hii ya furaha. Mimi si muumini wa hekalu hili; ni jirani yenu, niliyefanya kazi ya afya ya jamii kwa miaka mingi. Katika sherehe kama hizi, anayeitwa kuzungumzia afya huja na orodha ya makatazo: punguzeni chumvi, acheni sukari, tembeeni, pimeni shinikizo la damu. Makatazo hayo ni ya kweli, wala sitayapinga. Lakini leo naomba tuitazame afya kutoka kizingitini kwenda nje. Nataka tuzungumze juu ya mtaa.

Mtu mzima humwona daktari labda mara mbili au tatu kwa mwaka, tena kwa dakika chache. Saa zake nyingine zote huzitumia nyumbani, dukani, shuleni, jikoni na njiani. Hewa anayovuta, maji anayokunywa, mtaro unaopita mbele ya mlango wake, umbali wa soko la mboga, mwendo wa magari katika barabara anayoivuka: hivyo ndivyo vinavyomjenga au kumbomoa, siku baada ya siku, bila yeye kuhisi. Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kulichunguza jambo hili chini ya uenyekiti wa Daktari Michael Marmot, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 2008. Tume ilionyesha, kwa ushahidi wa nchi nyingi, kwamba mazingira ambamo watu huzaliwa, hukua, huishi, hufanya kazi na kuzeeka ndiyo chanzo kikubwa cha tofauti za afya baina ya watu, na kwamba nyingi kati ya tofauti hizo zinaweza kuepukwa.

Chukueni mfano wa watoto wawili wa umri mmoja. Mmoja anaishi ghorofani hapa katikati ya jiji. Mwingine ni mtoto wa mlinzi wa jengo hilohilo, na kwao ni bondeni, karibu na Mto Msimbazi. Wamepata chanjo zilezile. Huenda wakitibiwa watatibiwa na daktari yuleyule. Lakini mvua za masika zikija, wa kwanza huzitazama dirishani, na wa pili huyakuta maji yameingia chumbani yakiwa yamepita kwanza kwenye vyoo vya majirani. Mama wa mtoto huyu wa pili anajua sana umuhimu wa usafi. Ananawa mikono, anafunika chakula, anachemsha maji pesa ya mkaa inapokuwapo. Kumhubiria usafi mama huyo, kisha kumrudisha katika maji yaleyale, ni kumtwika peke yake mzigo ambao ni wa wengi.

Ndugu zangu, fikra kwamba afya na makazi vina uhusiano si ngeni katika mji wetu. Ngeni ni namna ya kuitumia fikra hiyo kwa haki. Mwaka 1902, tauni ilipozuka Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya wakuu wa wakati huo. Maduka yaliteketea, lakini tauni ilirudi tena katika miaka iliyofuata. Mwaka 1913, serikali ya Uingereza ilimtuma Afrika Mashariki Profesa William Simpson, ambaye aliwahi kuwa afisa wa afya wa jiji la Calcutta. Ushauri wake ulikuwa kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali, na kati yao iachwe ardhi tupu. Hapa Dar es Salaam, Wajerumani walikuwa wameshachora mpango wa kuugawa mji kabla Vita Kuu ya Kwanza haijawakatiza, na Waingereza wakauendeleza katika miaka ya 1920. Ndipo yakakaa majina tunayoyajua: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wetu wa Mnazi Mmoja, tunaoupenda kwa sherehe na mapumziko, ulikuwa sehemu ya ukanda ule wa wazi uliowekwa kuitenga Uhindini na Kariakoo.

Haya yote yalifanywa kwa jina la afya. Babu zenu walioishi upande huu wa uwanja na babu zetu walioishi upande wa pili waliambiwa kwamba kila mmoja ni hatari kwa mwenzake. Fedha za mitaro na mabomba zilianzia Uzunguni, na waliokuwa mbali waliambulia mabaki. Lakini mbu hakuusoma mpango ule. Maji ya mvua nayo hayakuutambua mpaka. Ule ukanda wa wazi haukuondoa ugonjwa. Uliondoa ujirani, na palipokosekana ujirani, mitaro ilikosa wa kuidai. Nayasema haya bila kinyongo, kwa sababu baadhi yetu bado tunaubeba mpaka ule vichwani, hata baada ya uhuru, ijapokuwa watoto wetu leo wanakaa dawati moja.

Sasa niwapeleke London, mwaka 1854. Katika mtaa wa Soho kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika muda wa wiki chache. Madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Daktari John Snow aliamini kwamba unaletwa na maji, na akaonyesha kwamba vifo vilizunguka pampu moja ya maji katika Broad Street. Mpini wa pampu ukaondolewa. Sehemu hiyo ya kisa huwa inasimuliwa sana. Husahaulika kwamba alikuwako pia kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead. Yeye hakukubaliana na Snow hata kidogo, na alianza uchunguzi wake akitaka kumkosoa. Kwa kuwa alizijua nyumba zile na watu wake kwa majina, alizipitia moja moja, akauliza nani alikunywa maji gani, siku gani. Mwisho ni yeye aliyegundua nyumba iliyokuwa na mtoto mgonjwa kabla ya wengine, ambako maji ya kufulia nepi yalimwagwa katika karo lililo hatua chache tu kutoka kisimani. Daktari alikuwa na elimu. Mtu wa dini alikuwa na ujirani. Ukweli ulipatikana vilipokutana.

Kwa nini nimewasimulia kisa hiki hekaluni? Kwa sababu nyumba za ibada zinamiliki kitu ambacho wizara hainacho. Panditi, imamu na mchungaji wanajua ni mzee gani hajaonekana wiki hii, ni familia ipi imehamia juzi, ni chumba kipi wanalala watu wanane. Elimu hiyo ikikaa bila kutumika ni hasara kwa mtaa mzima.

Labda mtu atasema: hayo ni ya Uingereza na ya zamani. Basi tuje nyumbani. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Wazee waliomo humu wanaikumbuka. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kufanya kazi: wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Siri ya kampeni ile ilikuwa kwamba kila somo lilimalizika na uamuzi wa kikundi kuhusu jambo la kutenda. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka na elimu mfukoni kama leso.

Unguja, katika mji wa Makunduchi, mwishoni mwa miaka ya 1980, tatizo lilikuwa matende na mabusha. Mbu wanaoeneza ugonjwa huo katika pwani yetu hupenda kuzaliana katika maji machafu ya vyoo vya shimo. Wataalamu wakishirikiana na wenyeji walitia ndani ya vyoo vile chembe nyeupe za polistirini, kama zile za kufungashia vyombo. Chembe zilielea na kuufunika uso wa maji. Viluwiluwi wakakosa pa kuvutia hewa, na mbu wakakosa pa kutagia. Wakazi walipewa pia dawa za kuua vimelea mwilini. Viwili hivyo kwa pamoja, tiba mwilini na kazi mtaani, viliushusha ugonjwa kwa kiasi kikubwa.

Na hapa Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2004, Jiji liliendesha mpango wa kupambana na malaria katika kata 15. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wakazi wa mitaa yenyewe. Kila wiki walipita uani na kwenye viwanja, wakakagua mitaro iliyoziba, mashimo ya matofali, madimbwi ya bustani za mchicha, wakaandika mazalia ya mbu waliyoyaona. Baadaye wakaanza kutia dawa ya kuua viluwiluwi. Utafiti ulionyesha kwamba maambukizi ya malaria yalipungua katika maeneo yaliyotiwa dawa. Ukiuliza kilichokuwa kigumu zaidi, utaambiwa kilikuwa lango lililofungwa. Mkaguzi wa mtaa hugonga, mlinzi hujibu kwamba mwenye nyumba hayupo, na nyuma ya ukuta ule mzuri kuna tangi lisilofunikwa. Kumbukeni kwamba mbu wa homa ya dengi, iitwayo pia kidingapopo, iliyolisumbua jiji letu mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huuma mchana na hupenda maji yaliyotulia katika mapipa, matairi na vyungu vya maua. Yeye ni mgeni wa nyumba nzuri kama za wengine.

Wengi wenu mna asili ya Gujarat, na pengine mna jamaa Surat. Mnakumbuka Septemba 1994, tauni ilipotangazwa katika jiji hilo. Watu zaidi ya 50 walifariki, na mamia ya maelfu walikimbia kwa treni na mabasi. Jiji lilikuwa limejaa takataka na maji ya mafuriko yaliyotuama. Mwaka uliofuata akaja kamishna wa manispaa, S. R. Rao. Aliwatoa maofisa katika viti vyao akawapeleka mitaani kila siku. Barabara zikafagiliwa usiku. Hoteli chafu zikatozwa faini bila kujali zinamilikiwa na nani. Majengo yaliyovamia njia yakavunjwa, yakiwemo ya wenye nguvu. Mitaa ya mabanda ikapelekewa maji, vyoo na taa. Katika muda wa miaka michache, Surat ikahesabiwa miongoni mwa miji safi kabisa ya India. Watu walikuwa walewale na hali ya hewa ileile. Kilichobadilika ni kwamba sheria ilianza kumgusa kila mtu, na huduma ikaanza kumfikia kila mtu.

Mtaa hauui kwa vijidudu peke yake. Katika shule kadhaa za msingi za jiji letu, shirika la Amend lilishirikiana na walimu na wakazi kuweka njia za waenda kwa miguu, matuta na alama mahali watoto wanapovuka. Utafiti uliolinganisha shule ulionyesha kwamba majeraha ya barabarani kwa wanafunzi yalipungua kwa takriban robo. Tulizoea kuwalaumu watoto kwamba hawajui kuvuka. Barabara iliporekebishwa, watoto walewale walifika nyumbani salama.

Wazazi na wazee wangu wa jamii ya Kihindi, niruhusuni niguse pia yanayowahusu kwa karibu. Inajulikana kitabibu kwamba watu wenye asili ya Asia ya Kusini hupata kisukari na magonjwa ya moyo kwa urahisi zaidi, hata wakiwa si wanene. Daktari huwaambia mtembee. Lakini mama mwenye miaka 70 atatembea wapi? Kando ya barabara kuna magari yameegeshwa, mfuniko wa chemba umeibwa, mti wa kivuli umekatwa, na hapana benchi la kupumzika. Akirudi ndani tusimwite mvivu. Upande wa pili wa ukuta, mama lishe anayetupikia chapati na maharage huvuta moshi wa mkaa tangu alfajiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 duniani. Serikali yetu imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mama huyo hawezi kulifikia lengo hilo kwa kuhimizwa tu. Mtungi wa kwanza na jiko lake ni mtaji, na mtaji katika mtaa huu upo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halisemwi sana katika sherehe. Siku hizi mwenye uwezo akiona mtaa umeharibika, hujinunulia mtaa wake. Huchimba kisima, hununua maji ya chupa, huweka nyavu madirishani, huinua ukuta, na mwishoni huhamia mbali. Simlaumu, kila mzazi huwalinda wanawe. Lakini kila anapoondoka mtu mwenye sauti, mtaro hupungukiwa na mdai mmoja. Na ulinzi wa ukutani una mipaka. Kipindupindu kilichoanza Kinondoni Agosti 2015 hakikubaki Kinondoni. Kilienea jijini na baadaye katika mikoa mingi. Wanaotupikia, wanaotulinda na wanaolea watoto wetu hulala Tandale, Vingunguti na Mbagala. Afya ya kwao huamka alfajiri na kuja kwetu kwa daladala. Hata isingekuja, ingekuwa bado ni wajibu wetu, kwa sababu ninyi mmefundishwa seva tangu utotoni, na sisi majirani tumefundishwa sadaka na upendo wa jirani. Na yote hayo hayakuwekewa mpaka wa uzio.

Kwa hiyo naomba kutoa mapendekezo matano, yanayoweza kuanza kabla ya masika yajayo.

La kwanza: tuutembee mtaa wetu kwa miguu, siku moja, tukiwa pamoja, waumini wa hekalu, wa msikiti, wa kanisa, wenye maduka na mama lishe. Tuandike kila mtaro ulioziba, kila mfuniko uliokosekana, kila kivuko kibaya. Malalamiko husahaulika, orodha yenye namba hujibiwa.

La pili: orodha hiyo ipelekwe katika mkutano wa wakazi wa mtaa, na tuhudhurie wenyewe. Tumezoea kumtuma mlinzi akatuwakilishe, kisha tunashangaa kwamba matakwa yetu hayakuandikwa. Kumjua diwani kwa simu hakutoshi. Jambo linalosemwa hadharani na watu mia ni la mtaa. Linalosemwa faraghani na mtu mmoja ni upendeleo.

La tatu: tuanzie kwetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini sahani, vikombe na chupa za karamu zetu bado vinaziba mitaro. Nasema zetu, maana nami nimekula leo. Hekalu likirudia sahani za chuma zinazooshwa, na misikiti na makanisa yakafanya vivyo hivyo, mtaro huu utapumua. Matangi yote yafunikwe, na wakaguzi wa mbu wafunguliwe malango.

La nne: wenye nyumba za kupangisha tukumbushane kwamba choo ni sehemu ya nyumba. Anayepokea kodi ya vyumba kumi na kuacha choo kimoja kibovu anauza ugonjwa kwa mwezi. Na mahali ambapo mtu mmoja hawezi, umoja huweza. Kule Vingunguti, wakazi walijiunga na wakasaidiwa kujenga mabomba madogo ya kuunganisha vyoo vyao na mabwawa ya majitaka. Walichangia kidogo kidogo, kaya kwa kaya.

La tano: kambi za afya mnazoziandaa kila mwaka, za macho na za shinikizo la damu, ziendelee, zimewafaa wengi. Ila kila mgonjwa anapoandikiwa dawa, aulizwe pia anaishi wapi, anapata wapi maji, anapikia nini. Majibu yakikusanywa, kambi itakuwa imepima mtaa pamoja na watu wake, na mfadhili atajua kama shilingi yake inahitajika zaidi kwenye vidonge au kwenye zege.

Najua kazi ya mtaro haina jiwe la msingi wala utepe wa kukatwa. Mnara wa hekalu huonekana kutoka mbali, na mfereji safi hauonwi na mtu. Faida yake ni mambo yasiyotokea: mtoto asiyeharisha, mzee asiyetumbukia kwenye chemba, mama asiyekohoa. Hakuna atakayeandikiwa shukrani kwa mazishi ambayo hayakufanyika. Wahenga walituachia neno, usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi katika mtaa huu tumekuwa tukijenga kuta kwa muda mrefu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waliolijenga hekalu hili walichagua kuliweka katikati ya watu. Naomba Bodi ikubali kuitisha kikao cha kwanza cha kuunda kamati ya afya ya mtaa, na kikao hicho kifanyike katika ukumbi huu, milango ikiwa wazi. Sisi majirani tutakuja, na hatutakuja mikono mitupu: tutakuja na majembe.

Nawatakia maadhimisho mema na afya njema, ninyi na mtaa wenu, ambao ni mtaa wetu.